Maketi ya boti utaibeba mu nini: tripleksi, karto ao fremu na bashi?

Maketi yako, ile boti ndogo ya mfano, imekwisha, rangi imekauka, iko pale juu ya kabati inakuangalia, na mwenye kuiagiza anakaa Bukavu, ku mwisho ingine wa ziwa Kivu, weye uko Goma. Ao hautaki kuiuzisha, unataka tu kuishusha ku ziwa siku ya dimanche uiweke mu maji mbele ya watoto. Kwa yote mbili unahitaji sanduku, na sanduku ya kununua yenye kuenea boti yako hautaipata, juu kila boti iko na kimo chake. Basi utajifanyia. Mimi nimeshafanya tatu za aina mbalimbali, moja ya tripleksi (mbao nyembamba ya tabaka zenye kubandikwa), moja ya karto na frigoliti (ile povu nyeupe ya kufungia televizio), moja ya fremu ya mbao nyepesi yenye kuvaa bashi (turubai), na kila mara mutu ananiuliza ipi njo ya muzuri. Na mimi namurudishia ulizo: itapita njia gani?

Ili tusipotezane, zote nitazipimia ku boti moja: urefu sentimeta 80 toka pua mpaka nyuma, upana 22, kimo 37 ukihesabia na mlingoti. Ndani ya sanduku nikaweka 90 kwa 30 kwa 45. Ile nafasi ya sentimeta 4 ao 5 kila upande ni ya vidole vyako wakati unaingiza boti na kuitoa, ukiibana sana utavunja kitu siku ya kuitoa, na mteja anakuangalia.

Vitu vya kuangalia mbele ya kukata chochote

Cha kwanza ni mtikisiko. Mwenye kuishi Goma anajua, ukiacha tu lami unaingia ku mawe ya volkano Nyiragongo na moto, ile pikipiki, inakurusha sawa unga mu chekeche. Boti mara mingi haivunjikake juu kitu kiliigonga toka inje, inavunjika juu yenyewe ilikuwa inatembea mule ndani. Cha pili ni kuwekewa mizigo: ku bandari wabebaji hawasomake maandishi yako, wakiona tu kitu cha bapa juu, mfuko ya viazi inakaa pale. Cha tatu maji, ya mvua na ya ziwa yote. Cha nne kilo, juu weye njo utabeba. Cha tano ni vyombo uko navyo pamoja na mkono wako, mutu hana msumeno ya muzuri asijilazimishe. Franga naziweka nyuma kidogo, si kama hazina maana, ni juu bei inatembea na dola na leo nikikuandikia moja kesho utaniita muongo.

Halafu kuna kimoja chenye watu wanasahauka: sanduku itarudia kwako? Ukimutumia mteja boti mu sanduku yenye ilikulia franga mingi, usijidanganye kama atairudisha. Ataweka mule viatu.

Kitanda kwanza, ni kilekile kwa zote tatu

Hapa sitakimbia, juu sanduku ya tripleksi yenye haina kitanda inauwa boti kupita karto yenye kitanda. Kitanda ni vibao viwili vyenye kusimama vikikingama sakafu, kila kimoja kimekatwa kufatana na tumbo ya boti pale boti itakalia. Viweke karibu robo ya urefu toka kila mwisho, na kama unakumbuka mbavu za ndani zinapita wapi, weka palepale, juu pale kuna nguvu. Katikati ya mbavu mbili ubao mwembamba unaweza bonyea, na bonde ile haitokake tena.

Namna ya kupata umbo: kamata ile waya laini ya kufungia vyuma vya beto, ikunje polepole chini ya tumbo bila kukandamiza, itoe, ilaze juu ya karto, chora. Kata karto, ijaribishe ku boti, angalia mwangaza unapita wapi na wapi inagusa, chonga, rudilia. Ile ya kwanza yangu ilinikatisha karto tano mpaka nikataka kuacha. Karto ikikubali njo unahamishia ku mbao, lakini ukate milimeta 3 zaidi ile nafasi ikuwe ya kitambaa. Mkuku ukae mu kashimo kake chini. Usukani na helisi, ile yenye kuzunguka na kusukuma boti, vibaki mu hewa, visiguse kitu, juu uzito wote ukikalia usukani, mawe mawili tu ya barabara na umekwisha pinda.

Kitambaa, tumia blanketi ya zamani ao kitu cha pamba. Usitumie plastiki laini, usitumie frigoliti yenyewe kugusa rangi. Rangi ya mafuta inaonekana imekauka kesho yake, kumbe ndani bado ni laini kwa wiki kadhaa, ukiilazia kitu cha namna ile inashikana nacho ao inabaki na alama. Mimi boti moja ya bluu niliiweka frigoliti kila upande siku nne kisha kuipaka, kuifungua ni sawa ilipata upele, dimanche nzima nikashinda natoa punje nyeupe na ukucha.

Juu ya boti pitisha ukanda wa kitambaa, upana wa vidole viwili, upite pale sitaha iko na nguvu, usipite juu ya kibanda wala juu ya kamba za mlingoti. Kaza kiasi cha boti kukatala kuruka, basi. Na kama boti yako inaendaka mu maji kweli, toa beteri na ule uzito wa tumboni, ikuwe risasi ao chupa ya mchanga, beba pembeni. Kilo moja yenye kuruka ndani ya boti ni nyundo.

Sanduku ya tripleksi

Tripleksi inauzishwaka kwa mbao nzima ya sentimeta 122 kwa 244. Sanduku yetu inakula karibu meta kareya 1,6 juu ya zile karibu 3, kwa hiyo nusu haitoshe, utanunua nzima na yenye kubakia utafanyia kitanda, mlango na kitu kingine mu nyumba. Ukifanya zote na milimeta 6, kuta peke yake zinafika karibu kilo 6, ukiongeza vijiti vya pembe, sharnieri (bawaba za mlango) na kitanda uko ku kilo 8 na boti bado haijaingia. Mimi napendelea kuchanganya, 6 chini na juu, 4 kwa ubavu, kuta zinashuka karibu kilo 4 na nusu na nguvu haipotee sana, kama tu uliweka vijiti vya sentimeta 2 kwa 2 mu kila pembe na ukavipaka kole nyeupe (gundi ya mbao) mbele ya kukaza vise (skurubu). Kole nyeupe inataka ibanwe na iachwe usiku, usiende mbio.

Kosa yenye karibu wote tunafanyaka ni kuweka mfuniko juu sawa sanduku ya nguo. Ukifungua, boti iko chini kule, unaingiza mikono miwili, unaikamata wapi? Unaikamata ku kibanda ao ku mlingoti, na njo vile vinatoka. Weka mlango ubavuni, upande mrefu. Kitanda kisikazwe ku sakafu ya sanduku, kikazwe juu ya kabao kenye kuteleza katikati ya vijiti viwili, sawa sahani ya mkate mu furu. Unafungua ubavu, unavuta kabao, boti inatoka inje yenyewe na haujaigusa hata na kidole. Mteja wangu wa kwanza kuona vile alisahau hata kuomba nimupunguzie.

Mukono ya kubebea usiuweke katikati kwa macho tu. Ingiza boti, funga, kalisha sanduku juu ya bomba ao fimbo ya mviringo, isukume mpaka isimame sawa bila kuanguka upande, pale njo katikati ya uzito, mara mingi inakuwa nyuma kidogo pale kibanda kiko. Ukikosa hapo sanduku itatembea pua chini njia yote.

Maji: ubapa wa tripleksi unajikaza, lakini maji inapitiaka ku kingo, kisha inafunguka sawa kitabu. Paka kingo mara tatu, hata kama ubapa umepaka mara moja. Na toboa vitundu vichache juu kando, ufunike na kipande cha chandarua, juu boti ikitoka mu ziwa na kufungiwa na maji yake inaoza.

Kuwekewa mizigo hapa hakuna shida, mfuko ya viazi inakaa na boti inalala. Mtikisiko inategemea kitanda, mbao yenyewe haimezi kitu, inapitisha yote. Vyombo ni msumeno ya meno madogo, bisibisi, kitu cha kutobolea. Bandika skochi juu ya mstari mbele ya kukata, tripleksi haitachanika. Hauna vyombo, pelekea seremala vipimo akukatie tu, kufunga ufanye mwenyewe.

Kitu kimoja chenye hakuna mutu aliniambia. Sanduku ya urefu ule, ya mbao, yenye mikono, haujaipaka rangi, watu wanaiona sawa jeneza ya mtoto. Motari wa kwanza aliiangalia akazima moto. "Papa, pole sana. Lakini iyo mimi siibebi." Wa pili naye vile. Wa tatu nikamufungulia katikati ya rompwe watu wanajaa wanachungulia, njo akacheka akanibeba. Ile usiku nikaipaka bluu ya samawi na nikaandika BOTI kila upande, herufi kubwa. Toka pale hakuna tena shida.

Inafaa nani? Mwenye boti moja ya bei anaisafirisha mara mingi, mwenye kupitia bandari, mwenye sanduku inarudia naye. Haifai mwenye kutembea na mguu mbali.

Karto na frigoliti

Watu wanaizarau, lakini kwa kumeza mtikisiko inapita mbao. Frigoliti ya televizio ao ya frigo inabonyea kidogo pale inapigwa, na ule ubonyefu njo unaokoa mlingoti. Uzito wote, kilo moja na nusu ao mbili, mtoto anaibeba. Franga karibu hakuna, maduka ya vyombo vya umeme wanatupaka karto kila siku, uliza tu na heshima mbele hawajaichoma.

Tafuta karto ya ukuta maradufu. Ukiikata angalia mikunjo ya ndani, ile mawimbi madogo, isimame kwenda juu, isilale. Ikisimama inabeba, ikilala inakunjika na mfuko wa kwanza. Nguvu zaidi unapata kwa kufanya karto mbili, moja ndani ya ingine, na katikati yake vipande vya frigoliti vya sentimeta 5. Boti na kitanda chake viko mu karto ya ndani, ile ya inje inakula mapigo.

Kole, angalia sana hapa: kole ya manjano ya viatu inayeyusha frigoliti, unaona inazama inafanya shimo na harufu. Petroli vilevile. Tumia kole nyeupe ao skochi pana. Kukata, kisu chembamba chenye makali, ukikichovya mu maji ya moto punje zinapunguka, na kata inje ya nyumba ao bibi yako atakufukuza.

Maji njo mwisho wake. Karto ikilowana haibebe kitu, na Goma mvua haibishe hodi. Ya kwangu ilishikwa na mvua toka ku moto mpaka ku mlango wa bandari, dakika kumi hazikufika, chini ikafunguka na kitanda kikabaki mikononi sawa mama mwenye kubeba mtoto. Boti ilipona, ni bahati. Toka siku ile karto nazivalisha plastiki nzima, nafunga juu, na ninaweka skochi ku kila mshono mbele ya plastiki. Kuwekewa mizigo ni kati na kati, mfuko mmoja itavumilia, mitatu hapana. Vyombo kisu na rula. Kazi, mchana mmoja.

Inafaa nani? Boti yenye haitarudi. Zawadi ya ndoa, mteja wa mbali, safari moja. Mwenye kupokea anakata, anatupa, hakuna mwenye kulia sanduku. Inafaa pia mutu wa kwanza kabisa mwenye hajaamini mikono yake. Na hata kama baadaye utafanya ya tripleksi, anza na karto kupima, utaona makosa yako bila kulipa.

Fremu ya mbao na bashi

Hii njo yenye sikuitegemea, na njo yenye naibeba sana. Vijiti vya sentimeta 2 kwa 2, kwa vipimo vyetu unahitaji karibu meta 6 na nusu, sakafu ya tripleksi ya 6, kitanda juu yake, kisha bashi yenye kushonwa sawa koti inavalia toka juu. Yote karibu kilo 3.

Fremu peke yake inayumba, ukiisukuma upande inakuwa sawa kitanda cha zamani. Kwa hiyo kila pembe iwekee kapembe ka tripleksi, pembetatu ya sentimeta 8, ama upitishe waya mkazo toka pembe mpaka pembe ubavuni. Bila hiyo usibebe boti mule.

Bashi upelekee fundi wa nguo mwenye mashini ya nguvu, umuambie mshono usipite juu, upite kando chini, juu maji inafata uzi. Kifungulio ubavuni na velkro ao vifungo, chini ukakaze kabisa, ile mavumbi ya volkano ni makali na inakwaruza rangi, inaingiaka pale hata haujaamini. Mvua inateleza vizuri, boti yenye maji unaweza kuikunjulia upande mmoja ipumue njiani. Mtikisiko ni sawa na wa tripleksi, kitanda njo chenye kufanya kazi, ila fremu inajikunja kidogo na inasaidia.

Ubaya wake ni mmoja lakini ni mkubwa: juu yake usiweke kitu. Fremu inaweza shikilia, bashi inalala ndani na kugusa mlingoti. Na kitu cha ncha kikichoma, kimeingia. Ku bandari usiiache hata dakika. Franga ni kati ya zile mbili, fundi wa nguo njo anakula nusu.

Inafaa nani? Mwenye kushuka ku ziwa na mguu, mwenye kubeba mgongoni (shonea mishipi miwili, mikono inabaki bule), mwenye kupanda moto na kuikalisha mapajani.

Na sanduku ya bati? Wengine wananiuliza, ile ya wanafunzi wa interna, wenye kulala ku shule. Iko na nguvu, mvua haiiwezi, na mafundi wanaifanya kufatana na vipimo vyako. Lakini juani inakuwa tanuru, na kole na rangi ya boti haipendi joto, tena ikigongwa bonde inaingia ndani. Kama tayari uko nayo, weka kitanda na blanketi kila upande. Kununua mpya juu ya maketi, mimi sioni.

Kufatana na hali yako

Boti inaenda Bukavu na meli, weye haupande: kama mteja analipa sanduku, tripleksi na kufuli ndogo. Kama halipi, karto mbili na plastiki, na ulipe kidogo mwenye kuipeleka aiweke juu ya mizigo, si chini.

Unapanda nayo mwenyewe: bashi inatosha, na utaikalisha karibu yako. Ku boti ndogo za mbio mawimbi yanapiga chini kwa nguvu, iweke juu ya magoti ao juu ya nguo zako, isikae moja kwa moja ku sakafu.

Dimanche ku ziwa, kila wiki: bashi. Utachoka na tripleksi mara ya tatu.

Maonyesho ya shule ao ya kanisa, boti tano ao sita mu gari moja: tripleksi, juu zitapangwa moja juu ya ingine, na fanya zote kimo kimoja hata kama boti hazilingane.

Ulifanya boti ya kuvua sambaza, vile visamaki vya ziwa, ile ya mitumbwi mitatu yenye kufungwa na miti mirefu: hapa vipimo vyangu vyote tupa. Upana wake unapita mlango, na ile miti ya mbele na nyuma ya kushikilia wavu njo ya kwanza kuvunjika. Mbele ya kuwaza sanduku rudia ku boti yenyewe, fanya miti ichomoke, tatu zile zitengane, kila mtumbwi ulale mu kitanda chake sambamba, karibu karibu. Miti iingie mu tiyo ya plastiki yenye kuzibwa na kitambaa pande zote mbili. Nyavu kunja mu karatasi. Kisha andika nambari ku kila mti na ku kila tundu, juu mwenye kuipokea kule Bukavu hatajua ya kushoto ni ipi, na atakupigia simu usiku.